Tulivyoifufua Pikipiki Iliyombeba Chiriku

Nilimkuta mke wangu amekaa juu ya pikipiki mbovu, ndani ya stoo, macho kafumba.

Si mbele kwenye usukani. Nyuma, pale anapokaa abiria.

Turubai lilikuwa chini. Vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, utando wa buibui umemng'ang'ania begani. Mkono mmoja kauzungusha kama amemkumbatia mtu, mwingine kaunyoosha mbele.

Hapo mbele hapakuwa na mtu.

Nilisimama mlangoni na mfuko wangu wa vifaa, nikajisemea: basi, imefika. Mke wangu akili imemruka.

Maana hiyo pikipiki yeye alikuwa haikaribii kabisa. Akitaka ufagio ulioko stoo, ananituma mimi. Miaka minane tuliishi hivyo.

"Mama Chiriku," nikamwita taratibu, kama unavyomwita mtu aliyesimama ukingoni mwa kisima.

Akafungua macho. Hakushtuka.

"Baba Chiriku," akasema, "nataka hii pikipiki itembee."

Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana mkisoma hivihivi mtadhani nawaletea habari za majini. Hakuna jini hapa. Angekuwa jini ingekuwa afadhali, ningetafuta wa kumtoa.

Mimi ni fundi vioo. Nakata vioo vya madirisha na kuvipachika. Mke wangu ni mshonaji, anashona sare za shule.

Pikipiki niliinunua mtumba nikiwa bado kapera, na hata wakati huo ilikuwa imeshakula chumvi. Lakini ilinibebea vioo mji mzima, na ndiyo iliyonipa mke. Nilikuwa namrudisha kwao kwa njia ndefu makusudi. Yeye anajua, mimi najua anajua, na wote tunanyamaza.

Tukajaaliwa mtoto mmoja, wa kike.

Tulimpa jina la bibi yake, ila hakuna aliyelitumia. Watu wote walimwita Chiriku, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Huyo mtoto aliongea na kila kitu. Anaongea na viatu vyake. Anaongea na kioo ninachokata, anakibembeleza kisivunjike.

Mlio wa pikipiki yetu aliujua kwa mbali. Mimi bado niko kona ya dukani huko, yeye kijiko kashatupa, yuko getini.

Kifua ndicho kilichokuwa kinamsumbua. Kinabana, anapewa dawa, kinaachia. Tulishazoea kwenda hospitali na kurudi, anarudi anatusimulia kila alichomwambia daktari, kana kwamba sisi hatukuwepo.

Siku moja mchana kilibana, hakikuachia.

Ndiyo kwanza nilikuwa nafika nyumbani kula. Mke wangu alikuwa mlangoni amembeba, na sikuhitaji kuuliza. Sikuzima hata injini. Mtoto tukamweka katikati yetu, mama yake akamkumbatia kwa nyuma, tukaondoka. Mvua ilikuwa inanyesha zile rasharasha za kuchosha macho.

Nilikuwa nimevaa koti. Chiriku akapenyeza mkono wake chini ya koti, akanishika shati hapa tumboni. Ndivyo alivyozoea kukaa.

"Umeshika?" nikamuuliza.

"Nimeshika," akajibu.

Nikaendesha kama kichaa. Njiani nikawa naongea naye, maana yeye aliishi kwa maneno, nikaona nimpe maneno. Namwambia Chiriku tumepita shule yako. Chiriku tumefika kwa wachana mbao. Chiriku shika, sasa tunapanda mlima.

Mlimani pikipiki ikaishiwa nguvu.

Nilikuwa nimeshika mafuta mpaka mwisho, na yenyewe inakohoa, inavutavuta, inapanda kama mzee anayepanda ngazi. Watu wanatupita kwa miguu. Niliitukana ile pikipiki matusi ambayo sikujua kama ninayo.

Lakini tulifika. Na mpaka tunaingia geti la hospitali nilikuwa nausikia ule mkono, bado umekamata shati.

Muuguzi akamchukua mtoto. Mkono ukaniachia.

Hatukukaa sana. Daktari akatoka akasema mtoto amefika akiwa ameshatangulia. Yule muuguzi, kwa huruma zake tu, akanishika bega akasema, "Pole sana, baba. Mngewahi kidogo tu."

Kidogo.

Hilo neno lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Getini alikuwa amenishika, mlangoni hakuwepo tena. Kwa hiyo alikata roho pale pale tulipofika. Kwa hiyo ule mlima ndio ulioniulia mtoto. Ule mlima na ile pikipiki.

Baada ya mazishi nikaisukuma stoo, nikaifunika turubai. Sikutaka kuiuza. Kuiuza ningekuwa nimeisamehe. Niliona ikae pale gizani ioze polepole.

Ile barabara nayo nikaiacha. Hata kazi ikinipeleka upande huo, nazunguka.

Na sisi wawili ndani ya nyumba tukawa kama wapangaji. Salamu zipo, chakula kipo, hatukugombana hata siku moja. Ungetuona ungesema ndoa ndiyo hiyo. Yeye anashona sare za watoto wa wenzake, anazikunja, anazipanga. Mimi nakata vioo. Mtoto mwingine hatukupata, na niseme ukweli, hatukutafuta.

Kuhusu siku ile hatukuwahi kuongea. Mimi nilikuwa najua kilichotokea, yeye alikuwepo, sasa tuongee nini?

Ndiyo maana nilipomkuta amekaa juu ya ile pikipiki, nilidhani akili imemruka.

"Itembee iende wapi?" nikamuuliza.

"Unipeleke mahali."

"Mahali gani?"

"Ikiwaka nitakwambia."

"Mama Chiriku, hiyo imeshakuwa chuma chakavu. Ukitaka kwenda mahali, tutakwenda kwa gari."

Akashuka. Akajipangusa vumbi, akanitazama usoni vizuri, jambo ambalo hatukuwa tunafanyiana siku hizo.

"Nimesema na hii," akasema. "Usipoitengeneza wewe, nitaitengeneza mimi."

Nikapuuza. Nikajua ni huzuni tu, itapita.

Kesho yake narudi kazini, nikamkuta barabarani anaisukuma.

Peke yake. Tairi zote zimelala chapati, cheni imeganda kwa kutu, gurudumu la mbele linapiga kelele kama mtoto wa mbuzi. Jasho linamtoka, na majirani wamesimama wanamwangalia tu, kila mtu anaogopa kuuliza.

Nifanyeje? Nilitua mfuko, nikaenda nyuma, nikasukuma.

Tukaisukuma mpaka kwa fundi.

Fundi wetu wa pikipiki anaitwa Kimya. Msidanganyike na jina, ni la utani. Kimya akianza kuongea asubuhi anaishia jioni, na katikati hajameza mate. Alipoona tunaingia akasimama na spana mkononi, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekosa neno.

Alikuwa anaijua hiyo pikipiki. Na alikuwa anamjua aliyekuwa anakaa katikati.

Akaizunguka. Akachuchumaa. Akafungua kifuniko cha tangi, akanusa, akakunja uso.

"Haijafa hii," akasema mwisho. "Imesusa. Mashine ni kama mkwe, ukimnyamazia muda mrefu, siku ya kumrudia usiende mikono mitupu."

Mke wangu akasema, "Tupe kazi ya kufanya. Tutakuwa tunakuja jioni."

Nikageuka kumtazama. Tutakuwa? Sisi nani?

Basi ikawa hivyo. Yeye akitoka kwenye cherehani na mimi nikitoka kwenye vioo, tunakutana gereji kwa Kimya.

Kazi ilikuwepo, jamani. Petroli iliyobaki kwenye tangi ilikuwa imegeuka kitu kama vanishi, inanuka mpaka machozi yanatoka. Kabureta limeziba tundu zote kwa utomvu wa hayo mafuta. Betri imevimba. Kwenye kisanduku cha chujio la hewa tulikuta panya wamejenga na kulea na kuhama.

Kubwa zaidi, injini ilikuwa imekamata. Unakanyaga kiki, haishuki hata kidogo, kama unakanyaga jiwe.

"Pistoni imeshikana na silinda," Kimya akasema. "Hapa nguvu haisaidii, mtavunja. Hapa ni kubembeleza."

Akafungua plagi, akamimina oili kwenye tundu lake, akasema tuiache inywe. Kila jioni anaongeza, anaingiza gia, halafu mmoja wetu anasukuma tairi la nyuma mbele na nyuma, polepole.

Siku kadhaa hakuna kitu. Mimi nikawa nimekata tamaa, na ndani kwa ndani nilikuwa nafurahi.

Jioni moja zamu ilikuwa ya mke wangu. Ameinama kwenye tairi, anasukuma, anavuta, anasukuma. Mara likasogea. Kidogo, kama upana wa kidole.

Akaendelea. Likasogea tena. Halafu likazunguka mzunguko mzima, na ndani ya injini ukasikika mlio kama mtu anayemeza.

Akakaa chini kwenye mchanga wenye oili, na gauni lake safi, akacheka.

Mimi sikuwa nimekisikia kile kicheko tangu tunamzika mtoto.

Kuanzia siku hiyo mambo yakabadilika. Tulikuwa tunasafisha tangi, tumetia nati za zamani ndani na petroli kidogo, tunalitikisa ili kutu itoke, yeye kashika huku mimi nimeshika kule, na ule mlio ukawa kama ngoma. Kimya akaanza kucheza katikati ya gereji na makalio yake makubwa. Mke wangu akacheka mpaka akaachia upande wake, tangi likaniangukia mguuni.

"Mmeanza kufanana na wachumba," Kimya akasema. "Nitawafukuza hapa, mnanikumbusha ujana wangu bure."

Tukaanza kurudi nyumbani tunaongea. Mambo madogo tu. Cheni mpya au tufunge iliyotumika. Taa ya mbele mbona inatazama juu. Akashona kifuniko kipya cha siti kwa cherehani yake, sindano tatu zikavunjika, akanionyesha kidole kilichochomwa nikakifunga kitambaa mwenyewe.

Nikaanza kuona labda hapa ndipo alipotaka nimpeleke. Kwenye kile kicheko. Nikamshukuru moyoni. Nikasema mwanamke ana akili kuliko mimi, ameona ndoa inakufa akatafuta kitu cha kufanya pamoja.

Masikini mimi.

Siku ya kuwasha ilikuwa asubuhi ya siku ya mapumziko. Oili mpya, plagi mpya, tairi mpya. Kimya akanyamaza, akaniachia mwenyewe.

Nikapiga kiki. Haikutoa hata mlio.

Nikapiga tena. Ikapumua.

Nikapiga, nikapiga, shati likalowa. Mara ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikakohoa tena, halafu ikashika. Ikanguruma ule mlio wake wa zamani, wenye kigugumizi kidogo.

Sikuwa nimejiandaa. Niliinua uso nikatazama mlangoni. Kwa miaka yote, mlio ule ukisikika, kuna mtu alikuwa anatokea.

Nilipogeuka, mke wangu alikuwa ameshatoka nje. Nikamkuta ukutani, mkono mdomoni, mabega yanamtetemeka.

"Imewaka," nikamwambia.

Akafuta uso kwa kiganja.

"Twende," akasema.

"Sasa hivi?"

"Nikienda nyumbani kwanza, sitatoka tena."

Nikapanda. Akapanda nyuma yangu. Na nikasikia kitu ambacho kilinikata maini: hakusogea karibu. Aliacha nafasi katikati. Nafasi ya mtoto.

"Sogea," nikamwambia.

Hakusogea.

Tukatoka. Pikipiki ilikwenda vizuri, siwadanganyi, kwa dakika chache nilifurahi kama kijana. Upepo usoni, gia zinaingia laini. Tulipofika njia panda, nikapunguza mwendo.

"Wapi sasa?"

"Pita ile njia."

"Njia ipi?"

"Baba Chiriku. Unaijua."

Nilitaka kukataa. Lakini kuna namna mtu anaongea, ukikataa unajua umekataa kitu kikubwa kuliko kile alichoomba. Nikakata kona.

Tukaipita shule. Wameipaka rangi nyingine. Tukapita matuta, la kwanza, la pili. Mbele nikaona kwa wachana mbao, magogo yamelala kando ya barabara kama zamani, na ng'ambo ya hapo ule mlima umekaa unanisubiri.

Nikajiambia kama ni kunipeleka mlimani, sawa, nitapanda, nitalia, yaishe.

"Simama hapa," akasema.

"Mlima uko mbele."

"Najua uko wapi. Simama hapa."

Nikasimama, kando ya magogo. Nikazima. Nikadhani amepata kizunguzungu. Akashuka, akasimama mbele ya taa, akanitazama.

"Alifia hapa," akasema.

"Nani?"

Eti nikauliza nani.

"Chiriku alifia hapa. Hatukuufika mlima."

Nikacheka. Samahani, lakini ndivyo nilivyofanya, nilitoa kicheko kifupi cha kijinga.

"Hapana," nikamwambia. "Hukumbuki vizuri. Alikuwa amenishika mpaka hospitali. Mpaka getini alikuwa amenishika shati."

Akawa anatazama mikono yake.

"Ule ulikuwa mkono wangu," akasema.

Gari likapita. Nikalisubiri lipite lote, na mlio wake upotee, kama vile likishapita yale maneno yangebadilika.

"Tulipotoka kwenye lile tuta la pili nikasikia amekuwa mzito," akaendelea. "Nilikuwa nimemkumbatia kifuani. Kifua chake kilikuwa kinahangaika, kinapanda na kushuka. Mara kikatulia. Nikasema kimeachia, amepata nafuu. Nikainama nimtazame. Hakuwa amepata nafuu."

"Mama Chiriku..."

"Acha nimalize, nikiachia njiani sitamaliza. Nikaona mkono wake unakuachia, unateleza. Nikauingiza wangu chini ya koti, nikakamata shati palepale. Kwa vidole viwili tu, ufanane na wake. Huku nimembana yeye asianguke. Nikaenda hivyo mpaka hospitali."

"Nilikuwa naongea naye," nikasema.

"Najua."

"Nilimwambia tunakaribia."

"Nilikusikia. Yote nilikuwa nakusikia."

"Kwa nini hukuniambia? Ungenigonga bega tu. Ungesema simama."

"Mwanzo niliogopa utaangusha pikipiki. Barabara ilikuwa imelowa. Halafu nikaona wewe bado una mtoto. Mimi wangu ameshaondoka, lakini wewe wa kwako bado uko naye, unamwambia mambo ya njiani. Nikasema basi, huyu abaki naye mpaka tufike. Nisimnyang'anye."

Nilishuka. Sijui nilishukaje. Najua tu nilikuwa natembea, nimempa mgongo, naelekea mlimani kwa miguu.

Nilikuwa na hasira, na sitawaficha. Hasira ya mtu aliyeibiwa na hajui kaibiwa nini. Miaka minane nilikuwa na kitu kimoja tu cha kujishikilia, ule mkono tumboni. Nikikosa usingizi nauwaza. Nikiwa kazini juu ya ngazi nauwaza. Kwamba safari ile yote mwanangu alikuwa ananiamini. Sasa naambiwa hakuwepo.

Nikapanda mlima wote. Kwa miguu ni mfupi, ndugu zangu. Ni mwinuko tu. Nilifika juu kabla hata pumzi haijanibana, nikasimama pale juu nikatazama nilikotoka, na sikuamini kwamba hicho ndicho kitu nilichokichukia namna ile.

Nikakaa kwenye ukingo wa barabara nikalia kwa sauti. Mtu mmoja mwenye baiskeli akasimama, akaniangalia, akaona haya, akaendelea na safari yake.

Sijui nilikaa muda gani. Nilipopata nguvu za kuinuka nikarudi.

Mke wangu alikuwa palepale kando ya magogo. Ameinamia pikipiki, miguu kaikaza, mikono inamtetemeka yote mpaka mabegani.

Kumbe nilikuwa nimeshuka kwenye pikipiki bila kuweka stendi. Muda wote ule yeye alikuwa ameishikilia isianguke.

Nikaikamata. Nikaweka stendi. Akaachia, lakini vidole havikukunjuka mara moja, ikabidi nivikunjue mimi kimoja kimoja.

"Kwa nini leo?" nikamuuliza. "Kama ulinyamaza miaka yote, kwa nini leo?"

"Huwa unaongea usingizini," akasema. "Hujui tu. Unamwomba msamaha mtoto. Unamwambia Chiriku nisamehe, mlima. Kila mara mlima, mlima. Mwanzo nilisema utaacha. Hukuacha. Na mimi niko macho pembeni yako nasikiliza mtu anaomba msamaha kwa mlima ambao mtoto hakuufika."

Nikayatazama yale magogo.

"Nyumbani nilijaribu kukwambia," akasema. "Mara nyingi. Nikifungua mdomo, naona utasema huyu naye anajikosha tu. Nikaona ukikaa juu ya hii, ukipita hapa, ukaona ilivyo karibu na nyumbani, utaamini. Hata ungepaa usingemfikisha. Hakuna pikipiki ambayo ingemfikisha."

Tukakaa kwenye gogo. Wachana mbao walikuwa hawapo siku hiyo, pamenyamaza, harufu ya mbao mbichi tu. Hapo ndipo nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kumuuliza zamani sana.

"Alisema kitu?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Alisema nini?"

"Tulipopita shule yake alisema, 'Mama, leo baba anakimbiza.' Akacheka kidogo. Halafu pumzi ikamkatika."

Leo baba anakimbiza.

Nimeandika hilo neno mara nyingi nikalifuta. Nimeliacha sasa.

Nilitegemea baada ya siku ile nitapona. Wengi mnaosoma nanyi mnategemea niwaambie tulikumbatiana, tukarudi nyumbani, maisha yakawa matamu. Haikuwa hivyo.

Nilimzika mtoto upya. Safari hii bila watu, bila turubai la msiba, bila mtu wa kunishika mkono. Nilipokuwa naomboleza zamani, nilikuwa namwomboleza mtoto aliyefia getini. Huyu aliyefia kwenye magogo nilikuwa sijamlilia hata tone.

Na mke wangu, ambaye nilidhani angepata nafuu kwa kuutua mzigo, ndiye aliyeanguka. Alilala kitandani siku nyingi, hashoni, hali vizuri. Nilipomuuliza akasema, "Nilikuwa nimesimama kwa sababu yako. Sasa sina cha kunisimamisha."

Akaomba aende akakae kwa dada yake. Nilimpeleka mwenyewe, kwa pikipiki hiyohiyo.

Alikaa huko miezi kadhaa. Nilikuwa namtembelea, tunakaa kibarazani kwa shemeji, tunamwongelea Chiriku. Tunabishana kabisa. Yeye anasema kiatu alichokuwa anakipa hadithi ni cha kushoto, mimi nasema cha kulia. Kuna siku nilirudi na hasira tena, kuna siku alikataa kutoka chumbani. Shemeji akawa ananiambia, vumilia shemeji, jeraha limefunguliwa usaha utoke.

Alirudi wiki iliyopita. Aliteremsha begi, akaingia chumbani, akalala. Sijui kama amerudi moja kwa moja. Sijamuuliza hilo, na sitaki kumharakisha.

Anasema siku hizi naongea usingizini maneno mengine. Hajaniambia ni yapi.

Niwaachie hili, kisha nikalale.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nilijifanya najua. Nilidhani kwa kuwa tulikuwa juu ya pikipiki moja, njia moja, na mtoto mmoja katikati, basi mimi na mke wangu tulifiwa kwa namna moja. Kumbe kila mmoja alikuwa na kifo chake. Mimi changu kilikuwa getini, yeye chake kwenye magogo, na kwa miaka minane tulilala kitanda kimoja bila yeyote kumuuliza mwenzake alikuwa wapi.

Kama wewe na mwenzio mliwahi kufiwa, na hamjawahi kuiongelea ile siku, nenda kamuulize. Usimwambie wewe unavyokumbuka. Muulize yeye.

Akinyamaza usiondoke. Kaa hapohapo.